Ng'ombe wa Bwalo

Ofisini kwetu kuna mama anayesugua sakafu kila Ijumaa kwa nta nyekundu ya kopo, na kila Ijumaa mimi hushinda nimenuna. Wenzangu wameshazoea. Wanasema nina pepo la Ijumaa. Sina pepo. Nina pua, na pua yangu inakumbuka bwalo la chuo kule kwetu nje ya Bariadi, ambalo sakafu yake ilisuguliwa kwa nta hiyo hiyo mpaka mtoto akiinama anaona meno yake.

Juzi watu wa nyumbani wameweka picha ya bwalo hilo kwenye kundi letu la simu. Limepakwa rangi upya, limebandikwa kibao, na habari ni kwamba majengo ya chuo cha zamani yatakuwa tawi la chuo kikuu. Basi watu wa rika langu wakaanza kumwaga utamu. Huyu anakumbuka sinema ya ukutani, yule anakumbuka harusi ya dada yake, mwingine ameandika kwamba siku zile watu walipendana. Walipendana akina nani? Nilikuwepo, na macho nilikuwa nayo. Nikaandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena, nikafuta tena. Haya si mambo ya kundi la simu, watu watasema nimeharibu furaha. Ngoja niyaseme hapa.

Chuo kile kilikuwa cha serikali, cha kufundisha vijana wa vijijini useremala, ushonaji na kilimo. Kilijengwa kabla sijazaliwa, enzi za kujitolea, na bwalo lake, ukumbi mkubwa wa kulia chakula, lilijengwa na kijiji chetu. Serikali ilileta saruji, mabati na fundi. Mawe, mchanga, maji na migongo ya kuvibeba vilikuwa vyetu. Baba yangu, Masunga, alikuwa kiongozi wa kundi la vijana waliolima mashamba ya watu kwa zamu huku wakiimba, na kundi hilo ndilo lililopandisha zile kuta. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania madirisha yawe mapana. Fundi alitaka madogo ili aokoe mbao. Baba akamwambia watu wakijaa humo ndani watapikika.

Na kweli walijaa. Jumapili asubuhi waliingia Wakatoliki, mchana Waprotestanti, na katikati yake watoto wa pande zote mbili tuliteleza kwa makalio juu ya ile sakafu mpaka tukafukuzwa. Mikutano ya kijiji ilifanyika humo. Mwalimu wa ushonaji aliwaachia mama zetu cherehani saa za jioni, na sare zangu za shule zilishonewa humo. Lakini kazi kubwa ya bwalo ilikuwa wakati wa masika. Kwetu udongo ni mweusi, wa mbuga. Mvua ikishika, ua wa nyumba unageuka uji, na mtu akifa huna pa kumlaza wala pa kuwakalisha wafiwa. Ndugu wako mbali, huyu kaolewa Kalemela kule ziwani, yule yuko Nkololo na ng'ombe zake, na njia zimekatika. Maiti lazima isubiri. Ikawa desturi kwamba anayekufa wakati wa mvua anapelekwa bwalo. Analazwa juu ya meza ya chakula, wanawake wanatandika mikeka kando ya ukuta, wanaume wanakaa barazani, na wanafunzi wanakula madarasani siku hiyo bila kunung'unika. Mimi nilidhani ndivyo vyuo vyote duniani vilivyo. Nilidhani chuo ni mahali pa kulaza wafu wakimsubiri shangazi.

Halafu yakaja mambo ya soko huria. Wewe uliyekua miaka ile unajua. Redioni kila siku ilikuwa mabadiliko, mabadiliko. Ushirika uliokuwa ukinunua pamba yetu ukayumba, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao na malori yao, na chuo kikaanza kukauka. Ilianza kuondoka chai ya wanafunzi, wakafuata walimu, wakafuata wanafunzi wenyewe. Nyasi zikaota mlangoni pa karakana ya useremala. Bwalo peke yake ndilo lililobaki safi, kwa sababu mama zetu waliendelea kulisugua kwa masalia ya nta yaliyoachwa stoo. Hakuna aliyewatuma. Walijua masika yanakuja.

Baada ya mavuno akaja mtu na pikapu nyeupe. Alikuwa mnunuzi wa pamba. Sisi watoto tulimwita Tajiri, na mpaka leo sitaki kumwita jina jingine. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kung'aa, na alitembea akikwepa mavi ya ng'ombe kama anacheza rede. Lakini alikuwa Msukuma, mtu wa huku huku, aliyetusalimia kwa lugha yetu na kuwainamia wazee. Hilo naomba lishikwe. Hakuwa mgeni wa kutoka ng'ambo asiyejua kitu. Desturi zetu alizijua zote.

Hakuja na maneno mengi. Alikuja na ng'ombe, dume nene jeusi lenye baka jeupe kwenye paji la uso. Akawaambia wazee kwamba serikali imempa majengo ya chuo afanyie kazi zake, na yeye haoni vizuri kuingia hapa mikono mitupu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kijijini kwetu mgeni akitaka kuhamia alitoa ng'ombe, watu wakala, na tangu siku hiyo akawa mwenzetu. Kuwa mwenzetu maana yake ni kufungwa na sheria zetu. Mwano ukipigwa, lile yowe la hatari, anatoka na silaha. Mtu akifa, anakuja na jembe kuchimba kaburi, na asipokuja anatozwa faini. Lakini palikuwa na ng'ombe wa namna nyingine. Kundi la vijana likikulimia au likikujengea, unawachinjia, wanakula, na wakishakula hakuna tena wa kukudai. Kazi imelipwa, imekwisha. Ng'ombe ni huyo huyo, nyama ni hiyo hiyo. Tofauti iko kwenye maneno anayoyasema mwenye ng'ombe anapomtoa. Na Tajiri hakuyasema. Alimkabidhi kamba baba yangu, kiongozi wa waliojenga, akatabasamu.

Baba akaipokea mbele ya watu wote.

"Huyu sasa ni mwenzetu," alisema. "Tukifiwa, atakuja na jembe."

"Na viatu hivyo?" akapiga kelele Jilala, rafiki wa baba tangu wakichunga ndama pamoja. Watu wakaangua kicheko. Tajiri naye akacheka, meno nje, na hakumsahihisha baba. Alisimama pale, akasikia anaitwa mwenzetu, akasikia habari ya jembe, akanyamaza. Kila nikifika hapa damu inanichemka, na sijawahi kufika hapa ikakosa kuchemka.

Ng'ombe akachinjwa uwanjani mbele ya bwalo. Kijiji kizima kilikula. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa, nikapata mbavu, nikashiba, lakini lile neno la Jilala liliniingia kwa namna ya kitoto. Nilimwonea huruma Tajiri. Nilijua kaburi la masika lilivyo, udongo unavyomng'ang'ania mtu mpaka magotini. Nikawaza viatu vile vizuri vitakavyoharibika. Nyuma ya ghala letu palitundikwa mabuti ya mvua ya baba, ya zamani, moja limezibwa kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Nikajiambia kwamba siku mtu akifa nitamkimbizia mabuti hayo, na yeye atajua kwamba kijiji chetu kinajali watu wake.

Ulipowekwa uzio wa senyenge, hakuna aliyeshtuka. Baba alisema mtu ana haki ya kulinda pamba yake na wezi, sisi si wezi. Lilipowekwa geti na mnyororo, akasema hivyo hivyo. Mama zetu walipokwenda kusugua sakafu, mlinzi aliwaambia warudi siku nyingine, wakarudi siku nyingine, akawaambia tena. Mama alianza kununa. "Huyu mwenzenu," alimwambia baba, "mbona hajawahi kuja hata kusalimia?" Baba akasema matajiri wana kazi nyingi.

Bibi alifariki katikati ya masika. Alikuwa mama yake baba, na aliishi nasi. Alikufa alfajiri, mvua ikinyesha tangu jana yake, na kijana akatumwa kwa baiskeli kumfuata shangazi, binti pekee wa Bibi, aliyeolewa Kalemela. Paa letu la nyasi lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha marehemu. Wanaume wakamfunika Bibi shuka, wakakibeba kitanda na yeye juu yake, wakashika njia ya bwalo kama tulivyofanya kwa kila mtu. Mimi nilichomoa yale mabuti nyuma ya ghala, nikatangulia mbio.

Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi alipoona kitanda alikwenda kuita, na Tajiri akaja na mwavuli, akasimama upande wake wa geti.

"Pole sana, Masunga," alisema. "Pole gete."

"Asante. Fungua basi, mama analowa."

"Humu mna pamba, kaka. Pamba na maiti wapi na wapi?"

"Tutamlaza barazani tu. Mpaka dada yangu afike kutoka Kalemela."

"Leo barazani, kesho mtataka ndani."

Mimi sikuwa nafuatilia maneno yale. Nilichoona ni kwamba amekuja, kama baba alivyosema. Nikapenya kati ya miguu ya watu, nikayapitisha mabuti katikati ya vyuma vya geti.

"Shikamoo. Haya ni ya kwako."

"Ya nini?"

"Ya kuchimbia kaburi. Viatu vyako vitaharibika."

Aliyatazama yale mabuti, akanitazama mimi, halafu akaangalia chini. Niliona. Mtu asiyejua alichofanya haangalii chini. Huyu alijua tangu siku ya kwanza tulidhani ng'ombe wake ni wa nini, akatuachia tudhani hivyo kwa sababu ilimfaa. Akanirudishia mabuti, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Wazee, tusizungushane. Nyie ndio mliojenga hapa, sawa. Nikaleta ng'ombe, nikamkabidhi kiongozi wa waliojenga, mkala mpaka utumbo. Sasa mtu akishakula ng'ombe wa kazi anarudi tena kudai nyumba? Ni Wasukuma gani hao?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya bwalo kwa kishindo, na wanaume wa kijiji changu, waliokuwa na shoka na mapanga majumbani mwao, walitazama matope. Alikuwa ametufunga kwa sheria yetu wenyewe. Wangeweza kumwambia, ulisikia ukiitwa mwenzetu ukacheka. Wangeweza kuukata ule mnyororo. Wakati huo shuka lilikuwa limelowa kabisa, limemgandia Bibi mwilini, vidole vyake vya miguu vinaonekana. Mama akavua kanga yake ya juu akamfunika, nayo ikalowa papo hapo.

"Turudi," alisema baba.

Tulimzika siku ile ile, kwenye kaburi lililokuwa linachotwa maji kwa ndoo. Shangazi alifika kesho yake, sketi imejaa matope mpaka kiunoni, akakuta tuta.

"Kaka," alimwambia baba, "hukuweza hata kuningoja nimuone uso?"

Shangazi alikaa siku ile moja, akaondoka, na miaka mingi ikapita kabla hajakanyaga tena kwetu.

Ungedhani baada ya hapo kijiji kingemgeukia Tajiri. Thubutu! Tajiri alikuwa na mizani, na pamba ya mwaka ule ilikuwa bado shambani. Walimgeukia baba. Aliyeanza ni Jilala, yule yule wa viatu. Alisimama kwenye kikao cha banamhala, wazee wanaoamua kesi za kijiji, akasema bwalo limepotea kwa uzembe wa mtu mmoja. "Masunga ndiye aliyepokea kamba. Hakumuuliza mwenye ng'ombe, huyu ni wa nini? Akatusemea yeye. Sisi tulikula tukijua tunakaribisha mgeni, kumbe ametuuzia bwalo." Wazee wakaona ana hoja. Baba akatengwa mpaka atoe ng'ombe.

Wewe ambaye hujawahi kutengwa usiseme unajua upweke. Baba aliamka asubuhi, akamwamkia "Mwangaluka" mtu aliyemsindikiza kuoa, na mtu yule akageuka kutazama ng'ombe zake. Hakuna aliyetuazima chumvi wala kuja kuchukua moto jikoni kwetu. Shuleni wenzangu walihama dawati. Pamba yetu tulivuna peke yetu, mama, baba na mimi, wakati mashamba ya jirani yalikuwa yamejaa watu na nyimbo, nyimbo ambazo zamani baba ndiye aliyekuwa akizianzisha.

"Na wao si walikula?" Mama alimuuliza kila mara. "Walikuwa hawana midomo ya kuuliza? Midomo ya kutafunia walikuwa nayo."

"Mimi ndiye niliyeshika kamba, Mama Mbuke."

"Basi twende polisi. Twende wilayani."

"Tukamshitaki nani? Kijiji?"

Alitoa ng'ombe. Hatukuwa na wengi. Alitoa maksai, mmoja wa wale wawili waliokuwa wakivuta plau yetu, kwa sababu wazee walikataa ndama. Wakamchinja uani kwetu, na watu wale wale waliokula kwa Tajiri wakala tena kwa baba, wakicheka, wakimpiga mgongoni, wakimwita jina lake la ngoma. Jilala akaniletea sahani kwa mkono wake mwenyewe. Nikaikataa.

"Kula, mwanangu," alisema baba kwa sauti ndogo. "Usipokula watasema halijaisha."

Nilitia nyama mdomoni, nikatafuna, nikaenda nyuma ya zizi nikatema. Nilimchukia Jilala siku ile, na wazee, na kila aliyejilamba vidole. Walishindwa kumfanya kitu mwenye geti, wakamtoza mtu waliyemjua hatawafanya kitu. Hao ndio wanaoandikwa leo kwamba walipendana.

Mvua za vuli zilipoanza, kila mtu aliingiza plau shambani. Sisi tulikuwa na maksai mmoja, na maksai mmoja havuti plau. Majirani walisema watatulimia wakishamaliza kwao. Baba alingoja kidogo, kisha asubuhi moja akavaa shati lake la kazi akaenda kwenye geti la chuo kuomba kazi ya ukuli. Tajiri alikuwa anahamisha pamba aliyoinunua, ili aipeleke kiwandani, na alihitaji watu wa kutoa magunia bwaloni na kuyapandisha kwenye malori. Mlinzi akafungua mnyororo. Baba yangu akaingia kwenye jengo lake kwa mara ya kwanza tangu tulipokula lile dume.

Siku ile ilinyesha mchana kutwa, mvua kubwa ya upepo. Baba alirudi jioni amelowa, nyuzi za pamba zimemnasa kichwani. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mama akamletea ugali na mlenda, akasimama pembeni. Sikuwa nimemwona baba na uso ule kwa muda mrefu. Alikuwa anafurahi.

"Lile jengo tulilijenga," alisema. "Mvua ilipozidi walituambia tukae ndani, nikakaa nalisikiliza. Upepo wote ule. Halivuji hata tone. Pamba yake kavu, kavu kabisa."

Mama alimtazama. Sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina, wala sikumsikia tena baada ya siku ile.

"Mama yako alilowa, Masunga."

Baba aliinama, akaanza kuchambua nyuzi za pamba kichwani mwake, moja moja, akizipanga juu ya goti.